Mkono Usiolala

Mkalama,
9 Machi 2025

Elina, binti wa dada yangu,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha. Sisi huku wazima. Mvua ilitudanganya mwezi wa pili, uwele ukaanza kukunja majani, lakini wiki hii imerudi na kila mtu ametoka na jembe. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mdogo wako Gerald alipiga simu kutoka Geita, anasema huko machimboni wanakula wali mpaka amesahau ugali, nami nikamwambia ugali haujamsahau. Mzee Emilian wa ng'ambo ya mto bado yupo, ila mikono inamtetemeka kiasi kwamba mkewe ndiye anayemnywesha uji. Unakumbuka yule mzee alivyokuwa fundi wa kuchonga mizinga ya nyuki. Mama Gerald hayupo. Amekwenda Ikungi kumuuguza dada yake Evodia, atarudi mgonjwa akipata nafuu.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu unajua habari za simu huku. Mtandao unapatikana pale kichuguuni nyuma ya shule, na ukisimama pale kusema jambo lako, wachunga mbuzi wanalijua kabla hujakata. Ujumbe nao siuamini. Simu naichajisha dukani kwa Idrissa, na pale inashikwa na kila mwenye vidole. Barua hii nampa konda wa basi ataiacha kwa Moez, kwenye duka lake la vipuri pale stendi. Ukiikuta imefunguliwa niambie.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Mumeo Joshua alipopita hapa kuchukua mahindi alinieleza kitu, nikaona aibu kwa niaba yako. Anasema jioni ukitoka zamu kituo cha afya unajifungia chumbani na simu, umeziba masikio, unaongea na wanaume wa nchi nyingine, na ukiulizwa unasema mnasomea usingizi. Elina! Nimefundisha shule ya msingi mpaka nimestaafu, nimeona masomo yakiletwa na yakiondolewa, lakini somo la kulala sijaliona. Mtoto mchanga analala bila cheti. Hao watu ni akina nani? Mtu anayetaka kujua watu wanalalaje, anatafuta mlango wa kuingilia wapi? Kuna watu wameingizwa frimasoni kwa kuanzia na vitu vidogo kama hivi.

Joshua hajasema amekasirika, ila ameanza kunyamaza, na mimi simpendi mwanaume anayenyamaza. Nijibu ukweli. Mama yako angekuwa hai angekuuliza yeye, sasa nabaki mimi.

Mjomba wako,
Sostenes

*

Mandewa, Singida,
23 Machi 2025

Shikamoo mjomba,

Barua ilifika nzima kabisa, Moez alinipa mkononi pamoja na pipi za watoto. Hajambo Rebeka, ameota meno mawili ya mbele na sasa anacheka ovyo ili tuyaone. Joshua naye hajambo. Nimemsomea barua yako yote, pamoja na pale alipokuwa ameshitaki, akaona haya akatoka nje kuosha pikipiki ambayo haikuwa chafu.

Mjomba, hakuna frimasoni. Ni kozi ya tiba ya usingizi, miezi sita, kwa wahudumu wa afya ambao hawawezi kuacha kazi. Tuko watabibu kama mimi, wauguzi na madaktari, wengine Kenya, wengine Malawi, na wote tumetoka zamu tumechoka. Mwalimu wetu ni mama mmoja wa makamo anayekohoakohoa, na ukisinzia darasani anakutaja jina. Nafunga mlango kwa sababu Rebeka akiiona simu anataka katuni. Wanaongea Kiingereza cha haraka, ndiyo maana Joshua aliona ni siri. Jana nilimkalisha pembeni asikilize, akalala yeye.

Kituoni kila siku wanakuja watu wa usingizi na sisi hatukuwa tunajua. Dereva anayesinzia kwenye usukani. Mama anayesema jinamizi linamkaba. Tulikuwa tunawapa pole na vidonge vya maumivu, basi.

Tumepewa zoezi. Kila mmoja achague mtu mzima wa familia yake, amuulize habari za usingizi wake, aandike. Mimi nimekuchagua wewe. Unalala saa ngapi? Unakoroma? Unaota? Unapoamka unakuwaje? Mtu hajioni akilala, kwa hiyo shahidi mzuri angekuwa mama Gerald, lakini umesema hayupo. Evodia anaumwa nini hasa? Niandikie dalili, huenda dawa yake ipo hapa. Na mama Gerald mwenyewe, alipoondoka hapo alikuwa mzima?

Nasubiri majibu yako, mjomba. Usiache hata moja.

Mwanao,
Elina

*

Mkalama,
22 Aprili 2025

Elina,

Marahaba. Pasaka imepita vizuri, kwaya iliimba mpaka mwinjilisti akasahau alipofika kwenye mahubiri. Ndama anaendelea. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya palizi, na pia kwa sababu sikutaka kujibu.

Kwanza bahasha yako. Wewe unakunja karatasi mara mbili, nilikufundisha mwenyewe. Hii ilikunjwa mara tatu. Mwulize huyo Moez. Kuanzia leo nabandika kwa uji wa ulezi, ikifunguliwa utaona.

Maswali yako nimeyasoma nikayarudia, na yananuka. Mimi nalala, naamka. Andika hivyo, mwalimu wako atakupa alama. Sikoromi. Evodia anaumwa tumbo, au mgongo, wanawake hawanielezi. Halafu unaniuliza kama mama Gerald alipoondoka alikuwa mzima. Kwa nini asiwe mzima? Nani amekwambia hakuwa mzima? Kama mtu wa kwanza kuniuliza hivyo angekuwa polisi ningeelewa, lakini wewe ni mtoto wa dada yangu.

Kuna jambo moja, na silisemi kwa ajili yangu. Yupo mtu katika usharika wetu, mzee wa kanisa kama mimi, jina lake nalihifadhi. Hanywi pombe. Lakini anaota, na akizinduka yuko sakafuni, kibatari kimevunjika na kigoda kimeanguka. Mke wake amechoka. Jamaa zake wanasema ametupiwa kitu, wengine wanamtaka aende kwa waombeaji wa Kiomboi. Je, huko kwenye masomo yenu mmefika mahali pa namna hiyo? Nauliza kwa ajili yake tu.

Mjomba wako,
Sostenes

*

Mandewa,
4 Mei 2025

Shikamoo mjomba,

Sisi wazima, alizeti za Joshua kule Unyambwa zimeinamisha vichwa, karibu zivunwe. Uji wako ulikuwa umeshika barabara, nusura nichane barua yenyewe.

Mpe pole huyo mzee wa usharika. Ndiyo, mahali hapo tumefika, ni wiki hii hii. Mwalimu anasema magonjwa ya kuhangaika usingizini yako ya namna nyingi, na huwezi kujua ni lipi bila kuuliza vizuri. Kwa hiyo nakupa maswali yake. Haya mambo yanatokea mara tu anapolala au kuelekea alfajiri? Anapopigana na huyo fisi anatumia mikono au miguu? Akiamshwa anarudi akilini mara moja na kuisimulia ndoto yake, au anabaki anababaika? Mambo haya yameanza lini?

Na swali la mwisho. Mke wake yuko wapi sasa?

Nitakwambia kwa nini nauliza. Nimekaa kwenye chumba cha matibabu miaka, mjomba. Wanawake wanakuja na nyuso zimevimba. Wamegonga mlango, wameteleza kisimani, wamepigwa teke na ng'ombe. Siku moja alikuja mmoja na jicho limefumba kabisa, akasema mume wangu alinipiga akiwa amelala. Nilimsafisha kidonda juu ya nyusi, lakini moyoni nilisema, huu nao ni mlango mwingine.

Usikasirike. Nasema juu ya huyo mzee wa usharika.

Mwanao,
Elina

*

Mkalama,
18 Mei 2025

Elina,

Salamu sina.

Nilikuandikia kwamba yule mtu anaota. Sikukuandikia anaota nini. Hakuna barua niliyotaja fisi. Nimekaa hapa na karatasi yako juu ya paja nikalisoma neno hilo mpaka likaacha kuwa neno. Fisi nimemtaja kwa mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo alikuwa ametoka damu juu ya nyusi.

Juzi nilipanda basi mpaka Ikungi. Nilibeba asali na kuku kwa ajili ya mgonjwa. Evodia nilimkuta uani anapeta mtama, mzima, mnene, akaniuliza, "Shemeji, na Sara umemwacha na nani?" Nikasimama pale uani nikiwa na kuku mkononi kama mwizi. Nikasema mke wangu ana mafua. Nikanywa chai ya watu kwa uongo, nikarudi.

Sasa nijibu, yuko kwako? Mnakaa huko mnaandikiana maswali ya kuniuliza? Kama hiyo kozi ni njia ya kunitangaza kichaa ili nipelekwe kwa vichaa Dodoma na shamba libaki, basi semeni. Nimechoka kuzungushwa.

Ni mimi. Hakuna mzee mwingine wa usharika. Ilianza kwa kelele tu, mwaka juzi. Mama Gerald akawa ananicheka asubuhi, anasema leo umeswaga ng'ombe usiku kucha. Baadaye ikawa mateke. Halafu akaja fisi. Anaingia zizini kwa ndama, mimi nina fimbo, nampiga, nampiga. Safari ile nikasikia sauti inasema, "Baba Gerald, ni mimi." Nikazinduka. Mkono wangu ulikuwa bado umekunjwa, na yeye ameshika uso.

Tangu siku ile nikawa najifunga. Nachukua kamba ya ng'ombe, nafunga kifundo cha mkono kwenye besera ya kitanda. Asubuhi moja alikuja kunipa maji ya kunawa akanikuta hivyo, akalia kuliko alivyolia siku ya jicho. Wiki iliyofuata akasema anakwenda kwa Evodia. Nilimbebea mzigo mpaka barabarani mwenyewe, na uvimbe haujaisha, na watu wa kanisani wakatuona. Wamefanya hesabu yao. Mwisho wa Juni wazee wanakaa juu yangu, kwamba mtu anayempiga mkewe hawezi kushika meza ya Bwana.

Sijawahi kumwinulia Sara mkono nikiwa macho. Wewe ulilelewa nyumba hii baada ya mama yako kufariki, umekula hapa, umelala hapa. Uliwahi kuona? Umekaa nami kwa barua miezi miwili ukinipeleleza kama mtu wa mtaa wa pili. Nimeumia, Elina. Nimeumia sana.

Kama yuko kwako mwambie ndama amekua.

Sostenes

*

Mandewa,
1 Juni 2025

Shikamoo mjomba. Shikamoo tena, maana naona aibu.

Yuko hapa. Alikuja moja kwa moja siku ile ulipompandisha basi, analala chumba cha Rebeka. Yeye ndiye aliyenikataza kukwambia. Anasema alijua ungekuja kumfuata, angerudi, na wewe ungejifunga tena.

Aliniambia ukweli tangu siku ya kwanza. Mimi sikumwamini. Yule mwanamke niliyemsafisha kidonda ni yeye. Niliona anakulinda, kama wanavyolindwa wengine, na nikaona aibu kuliko hasira, kwamba ni wewe. Zoezi lilikuwa kweli, lakini nilikuchagua ili nikukamate. Nilitaka ujichanganye kwa mdomo wako.

Ilikuwa jioni ya darasa, wiki ile niliyokuandikia mara ya mwisho. Mwalimu alikuwa anatuonyesha picha ya video, mzee mmoja amelala, macho yamefumba, anapiga ngumi hewani, anapiga ukuta. Mke wake amekaa sakafuni pembeni kabisa. Nilikuwa nimeacha mlango wazi. Mama Gerald akapita na sufuria la maharage, akasimama. Akasema, "Huyo ni baba Gerald." Akaweka sufuria chini, akakaa hapo hapo mlangoni. Hata Joshua alikuja, na safari hii hakulala. Hata hivyo nilipochukua kalamu bado nilikuwa na shaka na wewe, ndiyo maana barua ile ilikuwa ya namna ile. Leo shaka imekwisha.

Mjomba, hujatupiwa kitu. Na si kichaa. Mtu anapoota, mwili hufungwa kufuli ili asifanye yale anayoyaota. Kwa watu wengine, hasa wanaume wa umri wako, kufuli hiyo inalegea. Mtu akiota anakimbia, miguu inakimbia. Akiota fisi, anapiga. Huwa ni kuelekea alfajiri, na akiamshwa anakumbuka ndoto yake yote, kama ulivyoeleza. Siwezi kuapa kwamba ndiyo hiyo, kwa sababu kipimo chake ni kulala hospitali umebandikwa waya, na hapa Singida sijakiona. Lakini naamini.

Kamba ifungue. Ukianguka umefungwa utavunja mkono. Shusha godoro chini, toa kigoda, toa kibatari, panga lisikae chumba hicho. Mama Gerald akirudi kila mtu awe na godoro lake kwanza. Vipo vidonge, lakini hivyo ni vya daktari bingwa kuamua.

Maswali machache ya kawaida, mwalimu anataka tuulize kila mtu. Unasikia harufu vizuri kama zamani? Choo unapata? Ukisimama ghafla unapata kizunguzungu?

Kuhusu wazee, nilitaka kuwaandikia barua yenye muhuri wa kituo. Mama Gerald amekataa. Amesema, "Jicho ni langu, nitakwenda nalo mwenyewe." Anapanda basi la Jumamosi kabla ya kikao.

Nisamehe, mjomba.

Elina

*

Mkalama,
6 Julai 2025

Elina mwanangu,

Marahaba. Leo salamu zipo, nyingi. Uwele umeingia ghalani. Gerald ameahidi kuja Krismasi. Mama Gerald anasema umemharibu kwa chai ya maziwa kila saa, sasa anaidai hapa.

Kikao kilikaa Jumapili ile baada ya ibada. Walinipa kiti cha peke yangu, mbele, kama mtu anayesubiri kunyolewa. Mwinjilisti akamwambia mama Gerald aseme bila woga.

"Alinipiga," akasema. "Na alikuwa amelala."

Mzee mmoja, na wewe unamjua ni nani, akacheka kwa pua. "Mtu aliyelala analenga vipi jicho?"

"Hakulenga jicho, alilenga fisi. Mimi ndiye niliyelala njia ya fisi."

"Mama, umetishwa?"

"Ningekuwa nimetishwa ningebaki Mandewa, kuna umeme na chai." Halafu akamgeukia yule mzee. "Na wewe mkeo aulizwe unasema nini usingizini, au tuache?"

Hapo ndipo watu walipoangua kicheko, na mkewe Asnath akacheka kuliko wote, na kikao kikaishia hapo. Wamenirudishia nafasi yangu. Lakini Elina, sikudanganyi, wamekubali kwa midomo. Nikipitisha sahani ya sadaka wanauangalia mkono huu. Jirani akimsalimia mama Gerald anamwangalia usoni kwanza, anatafuta. Nadhani itakuwa hivyo mpaka nife, na mimi nimeamua kuvumilia.

Tunalala chini kama ulivyosema, magodoro mawili, katikati gunia la uwele. Fisi amekuja, nimepiga gunia, tumeamka tukacheka. Nimeirudisha kamba kwa ng'ombe.

Sasa nina swali, nami ni zamu yangu. Wiki iliyopita nilikaa jikoni nasoma, maziwa yako motoni karibu na goti langu. Mama Gerald akaja mbio kutoka shambani anapiga kelele, anasema harufu ya kuungua ameisikia tangu kwenye mapapai. Mimi sikusikia kitu. Sufuria limekuwa jeusi mbele yangu. Nilipokuwa nalisugua nikakumbuka kwamba uliniuliza habari za harufu. Ugonjwa wa usingizi una shughuli gani na pua?

Mjomba wako,
Sostenes

*

Mandewa,
10 Agosti 2025

Shikamoo mjomba,

Nisamehe kwa kuchelewa. Wenzangu wawili wako likizo, zamu zimenikalia. Rebeka hajambo, Joshua hajambo. Kozi imekwisha, nimefaulu, cheti kitakuja kwa barua pepe. Umeongoza wewe, ripoti yako ndiyo aliyoisoma mwalimu mbele ya darasa zima bila kutaja jina.

Nimeomba ruhusa mwezi wa tisa. Nataka nikupitie tuende wote Dodoma, kuna daktari bingwa wa mishipa ya fahamu ambaye mwalimu amenipa jina lake. Ni kuangalia tu, na kuulizia vile vidonge. Mama Gerald aje pia, atembee.

Kabla ya hapo niandikie barua ndefu kama zile za kwanza. Nimezikumbuka. Niandikie habari za shamba, za kanisa, chochote. Usimpe mama Gerald akuandikie, nataka mwandiko wako.

Mwanao akupendaye,
Elina

*

Mkalama,
24 Agosti 2025

Elina,

Marahaba. Tuko wazima, na neno hilo leo naliandika kwa uangalifu.

Barua yako ni fupi kuliko risiti. Nilikuuliza jambo moja tu, habari za pua, na hukulijibu. Umeniambia likizo za watu, umeniambia cheti, umenialika Dodoma kama vile kuna harusi. Nimefundisha watoto maisha yangu yote, najua mtoto anayeruka swali. Hujaliruka kwa kutolijua.

Kwa hiyo nikaenda kulitafuta mwenyewe. Nilivuka mto kwenda kumwona mzee Emilian. Mkewe alikuwa anamnywesha uji, mikono yake yote miwili imelala pajani inachezacheza peke yake. Tukaongea habari za nyuki. Nikamwuliza yule mama, hivi zamani, kabla ya mikono, alikuwa analalaje? Akashangaa. Akasema, "Mwalimu, huyu alikuwa anapiga mateke usingizini miaka na miaka, nilihamia kwa watoto. Ilianza mikono ikiwa bado inachonga mizinga. Na pua ilikufa kwanza, moshi wa nyuki alikuwa hausikii."

Nilirudi kwa njia ndefu. Sikutaka kufika nyumbani upesi.

Huenda mimi siyo Emilian. Najua kwamba hilo ungeniambia, kwamba wengine wanafika huko na wengine hawafiki, na hakuna anayejua. Lakini ulijua tangu mwezi wa sita ukaniandikia "maswali ya kawaida". Nilikushuku mwanzoni kwamba unanificha mke wangu, na nilikuwa sahihi. Sasa nakushuku tena na natamani niwe nimekosea. Usinifiche mwili wangu mwenyewe, mwanangu. Ninaogopa, naandika hivyo waziwazi, lakini kuogopa kitu nisichokijua ndiko kunakonimaliza.

Nimemwambia Sara. Nilidhani atalia. Aliacha chai yake, akaingia chumbani akaliburuta lile gunia la uwele mpaka ghalani, akarudi na mto akauweka pale katikati. Nikamwambia nitakuumiza. Akasema, "Kama mkono huo siku moja utaanza kutetemeka, mimi nataka niwe nimeuzoea tangu ukiwa na nguvu." Basi tunalala hivyo. Mto umeshapasuka upande mmoja, anaushona.

Dodoma nitakwenda. Njoo unichukue.

Na jambo la mwisho. Unataka barua ndefu, kwa mwandiko wangu, na sio wa mama Gerald. Mimi ndiye niliyekushika vidole ukaandika herufi yako ya kwanza, unadhani sijui unaangalia nini? Nimezitoa barua nilizokuandikia Gerald alipokuwa mdogo na wewe uko bweni, uliniachia hapa sandukuni. Nimeziweka karibu na hii. Umeona kama ninavyoona, herufi zangu zimekuwa ndogo, huenda mkono umeshaanza safari ya Emilian. Ndiyo maana leo, kuanzia salamu, nimeandika herufi kubwa kama za ubaoni, ili usipate la kupima.

Lakini mistari hii ya mwisho nimeiacha mkono uende unavyotaka. Tazama herufi zinavyopungua kila neno. Chukua miwani ukihitaji, zipime vizuri, kisha ukija uniambie wewe, kabla ya daktari.

Mjomba wako,
Sostenes